Mtumishi Asiyeonekana Ndani ya Kompyuta
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Shikeni kalamu. Msimamizi, andika ubaoni maneno haya matatu: MPANGILIO WA AWALI. Someni wote pamoja. Vema.

Juzi, katika ofisi moja hapa Haydom, nilimkuta mama aliyeondoka Dongobesh alfajiri kufuata barua ya shule ya mtoto wake. Karani amekwisha kuiandika, inaonekana katika kioo cha kompyuta, lakini printa kimya. Umeme upo, wino upo, karatasi zipo. Karani akasema printa imekufa, sharti inunuliwe nyingine. Na basi la kurudi lilikuwa karibu kuondoka.

Printa haikufa. Ndani ya kompyuta mna huduma nyingi zifanyazo kazi kimya kimya, nasi hatuzioni. Fikirini mashine ya kusaga. Yuko mtu apokeaye madebe ya mahindi, akayapanga kwa zamu, akayamimina moja baada ya jingine. Huyo akienda zake nyumbani, injini ni nzima, kinu ni kizima, lakini unga hakuna. Katika kompyuta za Windows mpokeaji huyo huitwa Print Spooler. Hupokea kazi za kuchapa, akazipanga foleni, akaipa printa moja moja.

Microsoft, kampuni iliyotengeneza Windows, iliipanga huduma hii iamke yenyewe kila kompyuta iwashwapo. Huo ndio mpangilio wake wa awali. Katika kioo huandikwa Automatic. Kuna Manual, yaani ngoja mpaka uitwe. Kuna Disabled, yaani usiamke hata ukiitwa. Karani wetu alishauriwa na rafiki azime huduma kadha ili kompyuta yake kuukuu iende mbio, naye akazima hata asizozijua. (Wako waliozima kwa sababu njema. Mwezi wa Julai 2021 ulionekana ufa katika Print Spooler, wezi wangeweza kupenya, na Microsoft yenyewe ikashauri izimwe mpaka dawa itoke. Dawa ilitoka mwezi ule ule; aliyesahau kuiwasha tena hachapi.)

Tulifanya hivi. Tulibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, tukaandika services.msc, tukabonyeza Enter. Ikatokea orodha ndefu. Tukatafuta Print Spooler, tukaibonyeza mara mbili upesi. Penye Startup type palisomeka Disabled. Tukachagua Automatic, kisha Apply, kisha Start, mwisho OK. Barua ikatoka. Mama aliikunja, akaenda mbio stendi.

Karani, kwa furaha, akataka kuziweka huduma zote Automatic. Nikamzuia. Kila huduma ina mpangilio wake: Windows Update, iletayo marekebisho, katika Windows 10 awali yake ni Manual. Sasa, zile nyingine alizozima ni zipi? Hakuandika popote. Ilitubidi kwenda ofisi ya jirani, yenye Windows ya namna ile ile isiyoguswa, tukalinganisha mstari kwa mstari hata jua likazama.

Kazi ya darasa: chora daftarini safu tatu. Ya kwanza, jina la huduma. Ya pili, hali uliyoikuta. Ya tatu, hali uliyoiweka. Jazeni mstari mmoja kwa habari ya printa ya karani.