Kwa nini timu iliyoshinda mechi zote ilinyimwa nafasi ya ubingwa?

Katika futiboli ya Marekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wa kubebwa mikononi, mashabiki wa vyuo vikuu hubishana kila msimu: je, timu yetu itafika kwenye mchujo wa ubingwa?

Ubishi hauishi kwa sababu timu za daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila moja hucheza mechi 12 hivi. Nyingi hazikutani kabisa. Kwa hiyo kamati ya watu 13 huzipanga kwa ubora.

Desemba 2023 nafasi zilikuwa 4 tu. Florida State ilishinda mechi zote 13, lakini mrushaji wake mkuu wa mpira, Jordan Travis, alikuwa ameumia mguu. Kamati ikaichagua Alabama, iliyokuwa imefungwa mara moja, ikisema bila Travis ile si timu ileile.

Mashabiki wakauliza: basi ushindi una maana gani? Baadaye Florida State, ikiwakosa wachezaji wengi, ilichapwa 63-3 na Georgia. Kila upande ukaona umethibitishwa.

Tangu 2024 nafasi ni 12. Ubishi haukuisha, umehamia kwenye nafasi za mwisho.