Mabomba ya Tangi la Matumbawe

Matumbawe ni wanyama wadogo wakaao pamoja kwa maelfu, nao hawana mashavu ya kupumulia wala miguu ya kuwafikisha penye riziki. Maji yaendayo ndiyo huwaletea oksijeni na chakula, na ndiyo huwaondolea uchafu. Atakaye kuwafuga nyumbani katika tangi la kioo hana budi kuanza na mabomba.

Kwa kawaida matangi huwa mawili: la wanyama juu, na la kusafishia maji chini. Maji humwagika ukingoni na kushuka kwa uzito wake, pampu huyarudisha. Bomba la kushukia liwe pana kuliko la kupandia, kwa kuwa halina pampu ya kulisaidia. Kipenyo kikiongezwa mara 2, eneo la mkato huwa mara 4. Pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa haitatoa kiasi hicho ikibidi kuyainua maji mita 1.5 na kuyapitisha katika kona kadhaa, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulitaja. Shaba isitumike popote, maana huwadhuru wanyama hawa, plastiki yatosha.

Lakini mtihani hasa huja umeme unapokatika. Pampu ikisimama, mdomo wa bomba la kurudishia uliozama huanza kunyonya maji kuyapeleka chini, kama mpira uvutavyo mafuta ya taa kutoka katika pipa. Darasa lenye ndoo 2 na mpira laweza kujionea. Tuchukue tangi la urefu wa sm 100 na upana wa sm 50. Mdomo ukiwa sm 4 chini ya uso wa maji, zitashuka sm za ujazo 20,000, yaani lita 20. Ukiwa sm 20, ni lita 100, na sakafu itazipokea.

Wengine hutegemea vali ya kuzuia maji yasirudi. Vali hiyo hushikwa na chokaa, ikashindwa siku ile ile inayohitajiwa. Afadhali bomba litobolewe tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji: maji yakishuka hapo, hewa huingia na mnyonyo hukatika. Hata hivyo mwani huliziba tundu, hivyo nafasi ya lita 20 iachwe chini kana kwamba halipo.

Kabla ya kununua mnyama hata mmoja, pampu izimwe kwa makusudi, na tangi la chini lijazwe hadi karibu na ukingo. Kisha pampu iwashwe. Maji ya chini yatakapotulia, mstari uchorwe kiooni. Yasijazwe tena kupita hapo.