Vidole vya Mama na Orodha ya Meli

Mashine ilikataa vidole vya Mama mara nne. Kijana aliyekuwa akisajili vitambulisho alimwomba afute gumba kwenye kanga, akabonyeza tena, taa ikawaka nyekundu. "Mama, vidole vyako vimekwisha," akasema kwa utani wenye heshima ndani yake. Mama akavigeuza mkono huu na huu, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Ilikuwa Februari, Madibira, kwenye bonde la Usangu wilayani Mbarali, na Mama alikuwa wiki ya sita mfululizo akipandikiza mpunga kwenye majaruba yanayonyweshwa na mto Ndembera. Skimu yetu ina hekta zipatazo 3,000, na karibu kila mche unaosimama humo umechomekwa matopeni kwa gumba na vidole viwili.

Nimeanza na vidole kwa sababu safari ya majini huanzia hapo, siku nyingi kabla hujaiona bahari. Alama za vidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, kwenye mwezi wa tatu hadi wa nne wa mimba. Haziko juu ya ngozi peke yake. Mchoro wenyewe umekaa chini, pale ngozi ya nje inapokutana na ya ndani, na ngozi ya juu hunakili tu kilichoandikwa chini yake. Matope, majani ya mpunga na mpini wa jembe huisugua nakala hiyo hadi ikawa laini, na mashine, inayosoma matuta na mabonde, ikakuta uwanda mtupu. Mafundi ujenzi na wafua nguo hupatwa na jambo hilohilo. Habari njema ni kwamba chapa ya chini haifutiki kwa kazi ya shamba. Pumzisha mikono wiki tatu, paka mafuta ya mgando kila usiku, na matuta yanarudi yalivyokuwa. Mama alipumzika wiki tatu huku akilalamika kwamba magugu hayapumziki. Aliporudi, mashine ikasoma mara ya kwanza.

Kitambulisho alikihitaji kwa ajili ya Unguja. Dada yangu ameolewa huko, alikuwa amejifungua, na Mama aliapa kwamba mjukuu hatamwona kwenye simu tu. Mavuno yakaisha, mpunga ukauzwa, na Julai tukapanda basi la Mafinga, kisha la Dar es Salaam. Mama alikuwa na mkongojo wake, na goti la kulia ambalo halijakunja vizuri tangu alipoanguka kwenye kingo za mfereji.

Dirishani pa tiketi, binti aliomba vitambulisho vyetu, akaandika majina. Nyuma yetu jamaa mmoja akanung'unika: boti ya saa mbili tu, majina ya nini? Watu wazima wa nchi hii wanalijua jibu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, orodha ya meli ilikuwa na abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, lililokuwa na watu wengi zaidi, halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana hadi leo waliokufa hutajwa kwa makadirio. Septemba 2011 MV Spice Islander I ikatoka Unguja usiku kuelekea Pemba. Iliruhusiwa kubeba abiria 645. Uchunguzi uliofuata ukasema ilikuwa na watu zaidi ya 2,400.

Orodha isiyo na majina si kosa la karatasi peke yake, ni kosa la fizikia pia. Kila mtu aliye sitaha ya juu huipandisha kidogo sehemu ambapo uzito wote wa meli ni kama umekusanyika. Sehemu hiyo ikipanda mno, meli ikilala upande mmoja haina tena nguvu ya kujiinua. Nahodha asiyejua ana watu wangapi hajui meli yake itainuka au haitainuka.

Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini, zile zinazojulikana kwa kifupi SOLAS, zinataka zaidi ya hesabu ya vichwa. Zinataka watu wote wahesabiwe kabla ya chombo kung'oa nanga. Kwa safari ndefu zinataka majina na jinsia, na mkubwa atofautishwe na mtoto. Halafu kuna kipengele ambacho wasafiri wengi hawajawahi kukisikia: yeyote anayesema atahitaji msaada wa pekee wakati wa hatari, habari zake ziandikwe na nahodha aambiwe kabla ya kuondoka. Kanuni hizo zimetungwa kwa ajili ya meli zinazovuka mipaka, lakini busara yake haina mpaka. Kipofu, mjamzito wa miezi minane, mzee mwenye goti kama la Mama: mtu wa kuwafuata awe amepangwa kabla king'ora hakijalia.

Binti wa dirishani hakuuliza. Nami sikumwambia, kwa sababu wakati huo sikujua kwamba ni haki ya kusema.

Tulipofika kwenye daraja la kupandia ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nimechagua boti kwa kuangalia saa ya basi, wala sikuangalia mwezi. Gati halisogei, lakini boti hupanda na kushuka pamoja na maji, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, hapa Dar es Salaam maji hupishana zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Fanya hesabu. Njia ya kiti cha magurudumu hutakiwa isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12 za urefu. Daraja la mita 12 linaloning'inia kwa tofauti ya mita 3 lina mwinuko mara tatu ya huo. Maji yakiwa mafu, siku ambazo mwezi uko nusu, daraja hilohilo hulala karibu tambarare. Mvuvi yeyote wa Kunduchi angeniambia hayo bure. Mimi mtu wa Usangu nilijua tu maji ya mfereji, ambayo hupanda mlinzi wa lango akipenda.

Mabaharia wawili wakaja. Mmoja akasema, "Shikamoo mama, nikubebe?" Mama akajibu marahaba, akamkatalia, akampa mkongojo ashike, akashuka kinyumenyume ameshikilia kamba ya pembeni. Nilidhani ni ukaidi. Baadaye daktari wa mifupa alinieleza kwamba kushuka kinyumenyume ni akili: goti bovu huumia zaidi linapozuia uzito unaoporomoka mbele, na ukishuka kinyume misuli ya paja na nyonga husaidia mzigo.

Nje ya bandari kusi lilikuwa linavuma. Baada ya dakika ishirini mhudumu akapita na mifuko myepesi ya plastiki, na wenyeji wa safari wakaichukua kimya kama watu wanaopokea karanga. Mvulana wa mbele yetu aliyekuwa akicheza na simu ndiye aliyeanza.

Ndani ya kila sikio kuna mirija mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, na karibu yake vijiwe vidogo mno vya chokaa vimekaa juu ya utando wenye vinyweleo. Mirija hupima kuzunguka, vijiwe hupima kupanda na kushuka. Mvulana yule alikuwa ameinamia simu. Macho yake yaliuambia ubongo kwamba ametulia, masikio yakauambia anarushwa, na ubongo, uliokuwa ukitarajia habari za aina moja, ukavurugika. Kwa nini uvurugiko huo uishie tumboni, wanasayansi bado wanabishana. Wapo wasemao ubongo huchukulia kwamba umelishwa sumu. Kinachojulikana kwa vipimo ni kwamba mwendo mbaya kuliko wote ni ule wa polepole, wimbi moja kwa kila sekunde tano hivi. Gari likitikisika harakaharaka kwenye barabara ya vumbi halikuchafui roho hivyo.

Hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vingine vyote vya elimu hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la majini la Marekani, baadaye pamoja na shirika la anga la NASA, liliwachukua wanaume viziwi 11 kutoka chuo cha Gallaudet, Washington. Kumi kati yao walipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao uliharibu pia ile mirija ya usawa. Waliwekwa kwenye vyumba vinavyozunguka siku hadi siku. Kisha wakapelekwa na kivuko kwenye bahari chafu karibu na Nova Scotia, Kanada. Viziwi wakakaa wakicheza karata. Watafiti ndio waliougua, hata jaribio likafutwa. Watu ambao meli ingewaandika "wenye mahitaji maalumu" ndio pekee waliokuwa wazima ndani yake.

Kwa sisi tusio na bahati hiyo: kaa chini na katikati ya chombo, ambapo bembea ni fupi, utazame mstari wa mbali ambapo mbingu inagusa maji, ili macho na masikio yasimulie hadithi moja. Dawa kama promethazini au sinarizini humezwa kabla ya kuondoka, maana tumbo likishachafuka halizipokei. Huleta usingizi, kwa hiyo mzee mwenye mkongojo aulize kwanza kwa mfamasia. Usingizi na daraja lenye mwinuko havipatani. Tangawizi wapo inaowafaa na wapo isiowafaa. Mama hakuwa na dawa. Alishika ukingo wa dirisha, akakazia macho ukanda wa nchi kavu usioonekana vizuri, na hakutapika. Alisema ni kama kupanda trekta.

Jioni ya pili huko Unguja tulikaa Forodhani, ufukweni. Msimu wa meli kubwa za watalii ulikuwa bado. Hizo huja zaidi wakati wa kaskazi. Shemeji akatuonyesha kisiwa cha Changuu, wanachokiita wageni kisiwa cha gereza. Gereza lilijengwa kweli, 1893, ila halikupata wafungwa. Likageuka mahali pa karantini kwa wasafiri wa meli walioshukiwa maradhi. Kobe wakubwa waliopo wao walitoka Shelisheli.

Meli ni chombo kizuri cha kusafirishia magonjwa: watu wengi, choo kimoja, jiko moja, hakuna pa kwenda. Homa ya manjano ilivuka Atlantiki kutoka Afrika ndani ya meli za watumwa, mbu wake akizaliana kwenye mapipa ya maji ya kunywa. Chanjo inayoizuia, 17D, ilitoka 1937 kwenye maabara ya Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, na ikampa tuzo ya Nobel 1951. Ile kadi ya njano ya chanjo huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, muda ambao mwili unahitaji kutengeneza kingamwili, na tangu 11 Julai 2016 inadumu maisha yote. Usikubali mtu akuambie imekwisha baada ya miaka kumi. Mama hakuihitaji, maana hakutoka nje ya nchi.

Lakini huenda alibeba kitu kingine bila kujua. Unguja na Pemba, kwa zaidi ya miaka kumi, watu wenye vimelea vya malaria hawafiki hata mmoja katika mia, na wagonjwa wengi wanaopatikana wametoka safari ya bara. Majaruba ya Usangu ni kitalu cha mpunga na cha mbu pia. Kimelea hukaa kwenye ini siku saba au zaidi kabla ya homa, muda wa kutosha kula mishikaki Forodhani ukijiona mzima. Nilimwambia dada: Mama akipata homa, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo na mseme ametoka Mbarali. Nalo hilo ni karatasi ya safari, ingawa huandikwa kwa mdomo.

Wakubwa wa baharini hawapo salama kuliko sisi. Februari 2024 meli ya watalii Norwegian Dawn, yenye abiria zaidi ya 2,000, ilizuiwa Morisi kwa kuhofiwa kipindupindu baada ya watu kama 15 kuugua tumbo. Vipimo vikasema sicho. Kirusi cha kuhara kinachopenda meli, norovirasi, hakiogopi sana ile jeli ya mikono inayowekwa mlangoni. Kinaogopa sabuni na maji yanayotiririka. Mwezi uliofuata meli hiyohiyo iliwaacha abiria wanane Sao Tome kwa kuchelewa, pasipoti zao zikakabidhiwa kwa wakala wa bandari. Wakaifuata hadi Gambia, isitie nanga kwa sababu ya hali ya hewa na maji, ndipo wakaipata Dakar. Kwa hiyo hata huko, mwezi na maji.

Shemeji akauliza kama wenye viti vya magurudumu hushuka kwenye meli hizo. Gatini, ndiyo. Ikitia nanga mbali, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na kampuni nyingi huandika kwenye masharti kwamba bahari ikichafuka mwenye kiti atabaki ndani. Hilo si geni kwetu. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa 1913 huko Papenburg, Ujerumani, na kiwanda ambacho leo hujenga meli za watalii, ilipita vijiji vingi visivyo na gati. Watu wakapanda kutoka mitumbwini, mzee akivutwa mikono na kusukumwa mgongo.

Siku ya kurudi niliangalia mwezi. Dirishani pa bandari ya Malindi, Unguja, alikaa binti mwingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeandika jina?"

"Nimeandika, bibi."

"Andika na goti."

Binti akanitazama, nikamweleza. Akaitazama kompyuta, akapandisha ukurasa, akaushusha. Halafu akachukua kalamu, akageuza tiketi ya Mama, akaandika nyuma yake: *goti la kulia, asaidiwe*. Akatoka mlangoni mwenyewe kumpelekea baharia.