Kuchagua baisikeli ya jamaa, duka likiwa na aina tatu tu

Katika miji yetu ya Katanga, baba wa jamaa aliyeweka akiba franka zake kwa muda wa mwaka mzima ili anunue baisikeli, ile tuiitayo kinga, huingia dukani akiwa na furaha, naye hutoka akiwa na mashaka. Alitaka chombo cha kumpeleka kazini kwenye barabara ya lami, cha kumfikisha shambani siku ya Jumamosi kwa njia ya udongo, tena cha kumbeba mama watoto mpaka misioni siku ya Mungu. Mwenye duka humwonyesha baisikeli za aina mbili, labda tatu, na kumwambia kwamba hakuna nyingine. Basi, afanye nini?

Baisikeli anayoitafuta ipo duniani. Ilianza kuenea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1980, waundaji walipoona kwamba baisikeli nyembamba ya mashindano haivumilii mashimo, na ile ya milimani huchosha miguu katika safari ndefu ya lami. Wakazioanisha hizo mbili. Kwa ile ya kwanza walichukua magurudumu makubwa mepesi. Kwa ile ya pili usukani ulionyoka na gia nyingi. Wakatia tairi za unene wa katikati, na kuacha matundu ya skrubu ya kufungia kibebeo cha mizigo na mabati ya kuzuia matope. Wafaransa huiita baisikeli ya njia zote, kwa kifupi VTC.

Lakini mfanyabiashara wa Lubumbashi yuko mbali na bahari. Shehena itokayo bandari ya Dar es Salaam husafiri karibu kilometa 2,000, kupita Tunduma na nchi ya Zambia, kabla ya kufika Kasumbalesa, na kila mpaka una ushuru wake. Kwa hiyo huagiza kile ambacho ana hakika kitauzwa upesi. Tusimlaumu; nasi katika nafasi yake tungefanya vivyo hivyo.

Aina ya kwanza tunayoikuta ni ile nyeusi ya chuma, nzito, isiyo na gia, yenye breki za vyuma virefu vilivyonyoka badala ya waya. Wazee wetu waliijua, na makatekista wengi waliitumia kuzunguka vijiji vyao. Fremu yake ikivunjika, mwenye mashine ya kuunga vyuma huiunga. Kibebeo chake ni imara. Na mwenye kuleta magunia ya makala mjini hana haja ya kutafuta nyingine. Ubaya wake ni uzito kwenye mlima, na breki zake wakati wa mvua, kwa maana ringi ya chuma ikilowa huteleza, na mtu huvuta breki kwa nguvu zote huku baisikeli ikiendelea na safari yake. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, huko Italia, kuwa msimamizi wa waendesha baisikeli. Hata hivyo, mwenye kumwomba hajasamehewa kukagua breki zake.

Aina ya pili ndiyo ivutayo macho ya vijana: VTT yenye rangi kali, tairi zenye meno makubwa, gia 18 au 21, na springi mbele, pengine na nyuma pia. Hapa twasema wazi: springi za baisikeli ya bei ndogo ni mapambo ya gharama. Zaongeza uzito, zanyonya nguvu ya miguu, na vumbi letu jekundu la kiangazi huzimaliza upesi. Tena yenye springi nyuma haikubali vizuri kibebeo cha mizigo; na jamaa isiyoweza kufunga hata kikapu cha mihogo nyuma ya baisikeli yake imenunua kitu cha kuchezea.

Aina ya tatu ni baisikeli zilizotumika, ziletwazo kutoka Ulaya na kutupwa chungu moja sokoni. Humo ndimo VTC ya kweli hupatikana, mara nyingine nzuri kuliko kitu chochote kipya kilicho dukani. Humo pia ndimo wengi hupoteza fedha zao, na sababu kubwa ni namba za tairi.

Tukae hapa kidogo. Kwenye ubavu wa tairi la baisikeli nyeusi pameandikwa 28. Kwenye tairi la VTC nyingi pia pameandikwa 28. Mnunuzi hufikiri kwamba ni kipimo kimoja, na kwamba tairi za soko letu zitamfaa siku zote. Sivyo. Tafuta namba nyingine, ndogo, yenye kistari katikati, kwa mfano 40-622. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni upana wa ringi pale tairi linapokaa, toka upande huu hadi upande wa pili. VTC yatumia 622. Baisikeli nyeusi yenye 28 x 1½ yatumia 635. Tofauti ni milimita 13, na hakuna fundi duniani awezaye kulivisha tairi la moja kwenye ringi ya nyingine. Vilevile VTT ya 26 yatumia 559, lakini ziko baisikeli za zamani zilizoandikwa 26 x 1⅜ ambazo zatumia 590. Jambo moja la kufurahisha: zile VTT kubwa ziitwazo 29 zina ringi ya 622, sawa na VTC, hata tairi lao lililo jembamba laweza kuisaidia VTC, ikiwa tu lapita katikati ya uma bila kugusa.

Tairi si kitu kidogo katika historia ya nchi hii. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya tairi lenye hewa. Na haikupita miaka kumi, njaa ya mpira huko Ulaya ikawa msiba kwa watu wa misitu ya Kongo, walioshurutishwa kuvuna utomvu chini ya utawala wa Leopold II, uliodumu toka 1885 hadi 1908. Wengi walikufa ambao hawakupata kuiona baisikeli hata moja.

Turudi sokoni. Kabla ya kutaja bei ya ile VTC, zunguka kwanza madukani ukiuliza tairi na mpira wa ndani wa 622. Usipozipata popote, iache, hata ikiwa inang'aa kama dhahabu. Ukizipata, ndipo uikague. Inua gurudumu, ulizungushe, utazame kama ringi yayumba kati ya breki. Lishike gurudumu kwa mikono miwili na kulisukuma huku na huku. Likicheza, kitovu chake kimelegea au kimelika. Chunguza rangi pale mabomba ya fremu yanapokutana chini ya usukani; ufa mwembamba hapo wamaliza mazungumzo, hasa fremu ikiwa ya alumini, kwa sababu mwunga vyuma wa mtaani hawezi kuirudishia nguvu yake. Pima mnyororo kwa rula. Viungo 24 vya mnyororo mpya ni milimita 305 hivi. Vikifika 308, mnyororo umekwisha, na yaelekea umekwisha kula meno ya nyuma pia. Tena hesabu hayo magurudumu madogo ya nyuma: yakiwa sita, saba au nane, mnyororo wake si wa shida, yakizidi hapo, mnyororo huwa mwembamba zaidi na mgumu kupatikana. Tazama mwisho valvu ya mpira. Kama ni ile nyembamba sana, pampu nyingi za kwetu hazitaishika. Fundi aweza kulipanua tundu la ringi toka milimita 6.5 hadi 8.5, lakini ringi nyembamba isitobolewe.

Na asiyeipata? Yuko mwenye duka mwenye VTT isiyo na springi, yenye fremu ya chuma. Hiyo ndiyo tungeichagua sisi. Ondoa tairi zenye meno, tia tairi laini za 47-559, yaani 26 x 1.75, funga kibebeo na mabati ya matope, na kwa safari ya toka Kipushi mpaka Lubumbashi, ambayo ni kilometa 30 hivi, utaona kwamba umejitengenezea baisikeli ya njia zote kwa vitu vilivyokuwa dukani tangu mwanzo.

Kipimo cha mwili nacho kisisahauliwe. Simama bila viatu, pima toka sakafuni mpaka penye mapaja kukutana, kisha zidisha kwa 0.66. Mtu mwenye sentimeta 78 atafaa fremu ya 51 hivi kwa baisikeli ya namna ya VTC. Ukikaa juu ya kiti na kuweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, goti linyoke. Mwenye duka asiye na kipimo chako atasema utaizoea. Magoti hayazoei.

Lakini kipimo cha nani? Hapa ndipo twataka kina baba watusikilize. Wengi hukataa fremu iliyoshuka katikati, wakisema ni ya wanawake, nao hununua ile yenye bomba la juu. Matokeo yake ni kwamba mama mwenye kitenge hawezi kuipanda, na baisikeli ya jamaa yawa baisikeli ya mtu mmoja. Siku mtoto ashikwapo na homa naye baba yuko kazini, chombo kimesimama ukutani na mama atembea kwa miguu mpaka kituo cha afya, mtoto mgongoni. Mwanamume aweza kupanda fremu iliyoshuka bila kupungukiwa na kitu. Kinachobadilika ni urefu wa kiti tu. Ni kweli kwamba fremu ya namna hiyo hupinda kidogo chini ya mzigo mzito sana, wala hatumshauri mchukuzi wa makala aitumie. Kwa jamaa yenye mtoto mmoja wa kubeba na kikapu kimoja cha sokoni, yatosha. Basi, mume asiende dukani peke yake. Mkewe naye aipande pale pale uwanjani, aikanyage breki yake au kuivuta, aseme neno lake kabla ya fedha kutolewa.

Mwisho, kuna njia moja ambayo wachache huijaribu. Mfanyabiashara hataleta baisikeli moja ya namna mpya kwa mteja mmoja. Lakini jamaa nne au tano za mtaa mmoja zikienda kwake pamoja, na sehemu ya malipo mkononi, aweza kusikia. Mpelekeeni karatasi, si maneno. Iandikwe: VTC, fremu ya chuma, iliyoshuka katikati, urefu wa fremu kwa sentimeta kwa kila jamaa, tairi 40-622, valvu nene, kibebeo na mabati ya matope, na kwa kila baisikeli, tairi mbili na mipira minne ya ndani ya akiba. Nakala moja abaki nayo yeye akiwa ameitia sahihi, nanyi mbaki na ya pili, mkaikague shehena kwa karatasi hiyo siku itakapofika.