Mshubiri wa Turkana: Urembo wa nyumbani bila kuua mmea

WASWAHILI wakitaka kueleza uchungu usio kifani husema jambo fulani ni chungu kama shubiri. Si wengi wanaokumbuka kwamba shubiri ni utomvu wa mmea, na kwamba mmea wenyewe, mshubiri, huota bila kupandwa na mtu katika nyanda kame za Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya.

Huko ndiko iliko Nariokotome, kaskazini mwa mji wa Lodwar, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Ulimwengu uliifahamu Nariokotome mwaka 1984, Kamoya Kimeu wa kikosi cha Richard Leakey alipogundua mabaki ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kwa wakazi wake, hata hivyo, hiyo ni nchi ya jua kali, upepo wa vumbi na maji haba. Ngozi hukauka upesi, na ndiyo sababu tangu jadi Waturkana wamejipaka mafuta ya wanyama, mara nyingine yakichanganywa na udongo mwekundu.

Siku hizi madukani mmejaa sabuni, losheni na mafuta ya nywele yenye picha ya jani la mshubiri. Je, mtu aliye na mmea huo kando ya nyumba yake ana haja ya kuvinunua? Si lazima. Lakini yampasa ajue sehemu ipi ya jani inafaa ngozi, na ni mmea upi anaoruhusiwa kuukata.

Jani la mshubiri lina vitu viwili visivyofanana. Chini tu ya ganda mna utomvu wa manjano, nao ndio shubiri yenyewe. Una kemikali iitwayo aloini, ambayo huendesha tumbo kwa nguvu na huweza kuiwasha ngozi. Ndani zaidi mna ute mwangavu ambao karibu wote ni maji. Huo ndio unaotuliza na kulainisha ngozi.

Kuchanganya viwili hivyo ni hatari, hasa kwa anayekunywa. Mwaka 2002, Marekani iliagiza dawa za kuendesha tumbo zenye utomvu wa mshubiri, zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari, ziondolewe sokoni kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa. Mama mjamzito hapaswi kuunywa kabisa.

Kwa matumizi ya ngozi, hukatwa jani moja la nje, lililokomaa, kwa kisu safi. Jani husimamishwa ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukielekea chini, kwa muda wa robo saa ili utomvu wa manjano uchuruzike wote. Kisha huoshwa, ganda likamenywa, na ute ukapakwa usoni au mikononi kwa dakika 15 hivi kabla ya kusafishwa kwa maji.

Anayeutumia kwa mara ya kwanza hana budi kupaka kidogo sehemu ya ndani ya mkono na kungoja siku nzima. Pakiwasha au kuwa pekundu, aache. Ute uliobaki usiwekwe; katika joto la Lodwar huharibika upesi. Wala usipakwe juu ya kidonda kirefu au kilichooza, kwani hicho ni cha kupelekwa zahanati.

Suala la pili ni mmea wenyewe. Kenya ina aina kadhaa za mishubiri. Ile inayopandwa sana bustanini, Aloe vera, asili yake ni Bara Arabu. Ya Turkana ni mingine, ikiwemo ile ambayo wataalamu wameipa jina la eneo hilo, Aloe turkanensis, inayopatikana pia ng'ambo ya mpaka nchini Uganda.

Mishubiri hiyo ya mwituni imekuwa ikiwindwa kwa sababu ya utomvu wake, ambao huchemshwa hadi ukaganda na kuuzwa nje ya nchi. Mvunaji mwenye pupa hukata majani yote au hung'oa shina zima, na mmea uliovuliwa majani wakati wa kiangazi ni vigumu kupona. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni kwa biashara, lakini biashara hiyo iliendelea kwa siri. Mwaka 2007 serikali ilitoa kanuni za kuisimamia. Isitoshe, mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kwa hiyo anayetaka urembo wa nyumbani afadhali apande wake. Aloe vera hutoa machipukizi shinani, ambayo hung'olewa na kupandwa penye mchanga usiotuamisha maji. Haihitaji kumwagiliwa kila siku, jambo lenye uzito mahali ambapo mtungi mmoja wa maji hufuatwa mbali.

Mshubiri hauko peke yake. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wanaishi Wasomali wengi, na wanawake wa jamii hiyo wana desturi ya kutumia unga wa majani ya mkunazi, wauitao qasil. Majani hukaushwa, yakasagwa na kuchekechwa. Kijiko kimoja kikikorogwa na maji hutoa povu la kunawia uso na kuoshea nywele. Mkunazi, ambao Waturkana huuita ekalale, humea pia Turkana. Vivyo hivyo mti wa mswaki, au esekon, ambao kijiti chake hutafunwa ncha na kusafishia meno.

Katika miti hiyo miwili, kinachochukuliwa ni majani na vijiti, nao mti ukabaki umesimama. Mshubiri nao unastahili kutendewa hivyo. Jani moja la nje latosha uso mmoja, na shina likiachwa litachipua majani mengine.