Frasila Mbili na Kidonge Kimoja

Mtendeni, mtaa wa Tabora ambao jina lake lataja mtende ilhali kivuli cha mji huu aghalabu ni cha miembe, hauna haja ya kufundishwa maumivu ya mgongo. Katika zama ambazo Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, ilikuwa njia panda ya misafara, kabla na baada ya wapelelezi Burton na Speke kufika hapa mwaka 1857, mpagazi wa Kinyamwezi aliyeteremka pwani alitwikwa mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, akaufuata mguu wa kirangozi, kiongozi wa msafara, kwa miezi, kupitia nchi kavu ya Ugogo, mpaka Bagamoyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 pembe za ndovu na vitambaa viliacha mabega ya watu, lakini migongo haikupata faraja: iliinama katika mashamba ya tumbaku ya Urambo na Sikonge, ikabeba kuni za mabani ya kukaushia majani hayo, ikasukuma baiskeli zilizosheheni mkaa.

Kilichobadilika ni dawa. Leo mwenye baridi yabisi akienda Hospitali ya Kitete, au zahanati iliyo karibu naye, huenda akapewa cheti chenye jina la diklofenaki, ibuprofeni au meloksikamu, pamoja na kiasi, saa na idadi ya siku za kumeza. Hoja yangu yahusu cheti hicho zaidi kuliko kidonge, kwa sababu kidonge hurejea nyumbani tena na tena, bali cheti hupotea wiki ya kwanza. Vidonge vilivyosalia hufungwa katika pindo la khanga. Jirani akilalamika kiuno hupewa viwili kwa wema usio na shaka. Naye akiona nafuu hununua vingine kwa kutaja rangi tu, na mwaka haujaisha nyumba tatu zinameza dawa ambayo tabibu alimwandikia mtu mmoja, kwa siku saba.

Dawa za ukoo huu zilianza kutumika muda mrefu kabla watu hawajajua zifanyavyo kazi. Aspirini, mkubwa wao, iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1899. Ila siri yake ilifumbuliwa mwaka 1971, Mwingereza John Vane alipobainisha kuwa huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, jambo lililomletea sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndizo ziletazo uvimbe, joto na maumivu pale gotini. Lakini hizo hizo hulinda ngozi laini ya tumbo isichomwe na asidi yake yenyewe, na hizo hizo huweka wazi njia ya damu iendayo kwenye figo. Dawa haina macho. Ikishaingia katika damu haibagui goti na tumbo, na ndiyo maana wale wanaotaka sindano kwa kudhani kuwa wameliepusha tumbo wamejidanganya, kwani dawa ya sindano nayo hulifikia tumbo kwa njia ya damu. Fauka ya hayo, sindano ya kalio ikichomwa mahali pasipostahili yaweza kuujeruhi mshipa wa fahamu uendao mguuni.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kukimeza kidonge cha namna hii alfajiri, juu ya kahawa chungu, kabla ya kuonja hata kipande cha muhogo. Chakula chaweza kupunguza mwasho wa tumbo, ingawa hakiondoi hatari yote. Kidonda cha tumbo chaweza kutoa damu kimya kimya, bila kutangulizwa na maumivu. Hivyo mtu akiona choo cheusi kama lami, au akitapika kitu mfano wa mashapo ya kahawa, asingoje kesho, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Walio katika hatari zaidi ni wazee, khasa wenye vidonda vya tumbo vya zamani, wenye maradhi ya moyo au figo, na wenye pumu ambao aspirini huwabana kifua. Mjamzito aliyefikia nusu ya mimba yake asizitumie ila kwa amri ya tabibu, kwa kuwa zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Lakini nigusie zaidi wenye shinikizo la damu, maana ndio wengi barazani. Dawa hizi huweza kupandisha shinikizo. Na mzee anayetumia enalapril au losartan, pamoja na kidonge cha kukojoza, akiongeza diklofenaki juu yake, khasa katika jua la Oktoba ambapo mwili umepungukiwa maji, huzitia figo zake katika dhiki ya pande tatu kwa mara moja.

Liko pia kosa la kurudufisha. Diklofenaki kwa mtu mzima haizidi miligramu 150 kwa siku, na kuiongezea ibuprofeni si kuongeza tiba, maana hizo ni ndugu wa tumbo moja. Viko vidonge ambamo diklofenaki imekwisha kuchanganywa na parasetamoli. Anayevimeza kisha akatafuta parasetamoli kando, hajui kuwa anahesabu mara mbili.

Mwezi uliopita nilikuwa katika benchi la duka la dawa alipoingia mzee mmoja aliyevaa kanzu iliyofifia, akafungua leso, akatoa karatasi tupu ya vidonge.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka kama hivi."

Binti muuzaji aliigeuza karatasi ile, akauliza ni nani aliyemwandikia. Mzee akasema ni vya shemeji yake. Akamwuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, na mzee, baada ya kusita, akatoa mfukoni bahasha ndogo ya dawa za presha. Binti hakumwuzia, akamwomba aende kwanza Kitete akapimwe, na bahasha ile asiisahau. Mzee alinung'unika kidogo juu ya foleni, akaifunga leso, akatoka kuelekea kwenye kivuli cha miembe, mkono mmoja kiunoni, na karatasi ya shemeji yake ikabaki juu ya kaunta.