Simba wa Kreta Wanahitaji Wageni

Mwaka 1962 mvua zilizidi katika Kreta ya Ngorongoro, na nzi wafyonzao damu wakazaliana kwa wingi mno hata simba wakajaa vidonda, wakadhoofu, wakashindwa kuwinda. Kati ya simba zaidi ya 60 waliokuwa ndani ya Kreta, walinusurika kama 10. Muda si mrefu madume saba wakaingia kutoka nje. Baada ya hao, njia ikaziba: madume wazawa waliongezeka, wakawa wanawafukuza wageni. Idadi ikapanda tena hadi 100 hivi, na aliyehesabu vichwa aliona kundi limepona.

Sisi wa jenetiki tuna swali jingine: hao 100 ni uzao wa wangapi? Kwa Kreta, jibu lilikuwa 15, kwani si wote walionusurika au kuingia walioacha uzao. Watafiti Craig Packer, Stephen O'Brien na wenzao walipopima damu na mbegu za madume miaka ya 1980, walikuta simba wa Kreta wana tofauti chache za kijeni kuliko jirani zao wa Serengeti, na mbegu nyingi zina kasoro.

Kila kiumbe hubeba jeni kadhaa mbovu. Kwa kawaida hazimdhuru, kwa kuwa nakala aliyopewa na mzazi wa pili ni nzima. Ndugu wa damu wakizaana, mtoto huweza kurithi ubovu uleule pande zote mbili. Kuna pia hatari ya maradhi. Uteuzi asilia hauwezi kubuni kinga siku virusi vinapoingia. Huchagua tu miongoni mwa tofauti zilizokuwapo tayari. Virusi vya distempa viliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na mwaka 2001 vikapiga Kreta. Ukame na kupe vilichangia sana vifo hivyo, lakini kundi linalofanana mno kijeni huingia kwenye janga la aina hiyo likiwa na akiba ndogo.

Dawa ni damu mpya, ila si ya popote. Huko Florida, mwaka 1995 waliletwa puma majike wanane kutoka Texas. Kasoro za moyo na mikia iliyopinda zikapungua, na puma wakaongezeka. Kinyume chake, kwenye milima ya Tatra, mbuzi-mwitu walichanganywa na jamaa zao wa Uturuki na Sinai, waliozoea majira mengine. Machotara wakawa wanazaa Februari, baridi ikiwa kali kupita miezi yote, na kundi likatoweka. Mageuko huwapa wanyama kalenda ya mahali pao.

Simba wa Serengeti hawana tatizo hilo. Ni jamaa wa karibu wa simba wa Kreta, na wanaweza kuja kwa miguu yao, ndiyo maana naona ushoroba una faida kuliko kuwabeba kwa lori. Kinachowakwamisha pia ni mikuki ya wafugaji njiani, wanapoua ng'ombe. Mradi wa KopeLion umewaajiri Wamasai, waitwao Ilchokuti, wanaofuatilia nyayo za simba, kuwaonya wachungaji mapema na kutafuta mifugo iliyopotea kabla jua halijazama. Kwa hesabu za jenetiki, dume mmoja au wachache wanaofika salama na kuzaa katika kila kizazi hupunguza sana madhara ya kuzaana kindugu.